Taarifa Zako Zinapopita Mkono kwa Mkono: Namna Halmashauri za London Zinavyopeana Taarifa za Wakazi, Hatari Zilizopo na Haki Ulizonazo

Kijitabu hiki ni kwa ajili ya wakazi wa London wanaozungumza Kiswahili. Kinaeleza kwa nini halmashauri hupeana taarifa za wakazi na hospitali, shule, polisi na idara nyingine. Hatari zinazoweza kutokea. Kinga zilizowekwa na sheria. Na mambo unayoweza kuyadai wewe mwenyewe. Hakichukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria. Ukiwa na kesi ya uhamiaji, au ukiwa unamkimbia mtu anayekudhuru, tafuta ushauri wa kisheria unaohusu hali yako.

Jambo moja tunaomba ulishike tangu mwanzo. Taarifa zako ni amana. Aliyepewa amana anaweza kuikosea kwa njia mbili: kuitoa kwa asiyestahili kuiona, au kuifungia sandukuni wakati kuna mtu anayeangamia kwa kukosa kuwa nayo. Ulinzi wa taarifa ni kujikinga na makosa yote mawili.

Taarifa binafsi ni zipi?

Taarifa binafsi ni habari yoyote inayoweza kukutambulisha: jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, namba yako ya NHS, picha yako. Ziko pia taarifa ambazo sheria inazipa ulinzi wa juu zaidi kwa sababu zinaweza kumletea mtu madhara makubwa zikifichuka. Hizo ni pamoja na habari za afya, asili ya kabila au rangi, dini, msimamo wa kisiasa na mambo ya ndani ya ndoa na mapenzi. Sheria zinazosimamia jambo hili ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2018 na Kanuni Kuu ya Ulinzi wa Data ya Uingereza. Zinamlinda kila mtu, awe raia au mgeni, awe na kibali cha kuishi nchini au hana.

Kwa nini halmashauri hupeana taarifa?

London ina halmashauri 32 pamoja na mamlaka ya Jiji la kale la London, yaani mamlaka 33 katika mji mmoja. Mipaka yake haifuati maisha ya watu. Familia inaweza kuishi Newham, ikatibiwa katika hospitali iliyoko Whitechapel, mtoto akasoma Redbridge, na bibi akalelewa katika nyumba ya wazee huko Barking. Ikiwa ofisi hizo hazisemezani, kila moja itaona kipande tu cha familia hiyo.

Tangu tarehe 1 Aprili 2013, halmashauri ndizo zenye wajibu wa afya ya jamii katika maeneo yao. Kwa hiyo kuna taarifa ambazo lazima zivuke kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Mifano yake ni hii:

• Mtoto anapozaliwa, huduma ya uzazi huwajulisha wauguzi wanaotembelea majumbani, ili mama na mtoto waonwe kati ya siku ya 10 na ya 14 baada ya kuzaliwa.

• Daktari anapomshuku mgonjwa kuwa na kifua kikuu, surua au ugonjwa mwingine wa kuambukiza ulioorodheshwa, sheria inamtaka atoe taarifa kwa afisa husika ndani ya siku 3, au ndani ya saa 24 ikiwa jambo ni la dharura. Nia ni kuwafikia waliokaribiana na mgonjwa, wapimwe na watibiwe.

• Mzee anapotoka hospitali, idara ya ustawi wa jamii hupashwa habari ili apate msaada nyumbani.

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, NHS iliandaa orodha za watu ambao miili yao isingehimili ugonjwa huo, na halmashauri zikapewa orodha hizo. Ndivyo chakula na dawa vilivyowafikia watu wengi waliotakiwa wasitoke nje. Kibali maalumu cha kupeana taarifa za wagonjwa kwa ajili ya janga kiliwekewa mwisho, nacho kiliisha tarehe 30 Juni 2022. Ruhusa ya dharura haipaswi kugeuka mazoea ya kila siku.

Hatari ya kwanza: kunyamaza panapotakiwa kusema

Mwezi Februari mwaka 2000, mtoto wa kike wa miaka 8, Victoria Climbié, aliyezaliwa Côte d'Ivoire, alifariki hapa London baada ya mateso ya muda mrefu mikononi mwa waliokuwa wakimlea. Hakuwa mtoto asiyejulikana. Idara za ustawi wa jamii za halmashauri kadhaa zilikuwa na habari zake, polisi walikuwa na habari zake, na hospitali mbili zilikwisha kumwona. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa ripoti yake Januari 2003, ulitaja nafasi zisizopungua 12 ambazo wahusika wangeweza kuingilia kati. Kila ofisi ilishika kipande chake, na hakuna aliyeviunganisha.

Kutokana na msiba huo na mingine iliyofuata, kanuni za nchi hii zinasema wazi kwamba kulinda siri hakuwezi kuwa kisingizio cha kumwacha mtoto, au mtu mzima asiyeweza kujitetea, abaki hatarini. Mfanyakazi anayehofia usalama wa mtoto anaweza kutoa taarifa hata kama mzazi hakuridhia. Tunalisema hili bila kificho, kwa sababu wazazi wengine huambiwa kwamba hakuna linaloweza kutoka ofisini bila saini yao. Sivyo.

Hatari ya pili: kutoa kupita kiasi

Upande wa pili wa mizani una mfano wake pia. Polisi wa London walikuwa na orodha ya watu waliodhaniwa kuhusiana na magenge. Januari 2017, mfanyakazi wa Halmashauri ya Newham alituma kwa barua pepe orodha yenye watu 203 kwa wapokeaji 44. Aliambatanisha nakala iliyofutwa maelezo nyeti, lakini pia nakala kamili isiyofutwa kitu. Baadaye mwaka huo, picha za orodha kamili zilionekana kwenye mtandao wa Snapchat, na watu wa magenge hasimu wakazipata. Aprili 2019, Kamishna wa Taarifa aliitoza halmashauri hiyo faini ya pauni 145,000. Hakusema kwamba tukio fulani la ukatili lilitokana na uvujaji huo. Alisisitiza uzito wa madhara ambayo kosa la namna hiyo laweza kusababisha.

Zingatia kwamba hapakuwa na mwizi wa mtandaoni katika kisa hiki. Palikuwa na barua pepe moja, iliyobeba zaidi ya kilichohitajika, ikaenda kwa wengi. Halmashauri ilikuwa na sababu halali ya kushirikiana na wenzake dhidi ya magenge. Kosa lilikuwa katika kiasi cha taarifa na namna zilivyotumwa.

Hatari ya tatu: mlango usiofungwa

Oktoba 2020, wahalifu waliingia katika kompyuta za Halmashauri ya Hackney, wakayafunga mafaili 440,000 yasiweze kusomwa. Watu wasiopungua 280,000 waliathirika. Miongoni mwa taarifa zilizoguswa zilikuwamo za afya, dini, asili ya mtu na hali ya kifedha. Kamishna alipotoa karipio rasmi Julai 2024, alitaja mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyaelewa: programu ya kuziba ufa ilikuwa haijawekwa kwenye vifaa vyote, na akaunti isiyotumika ilikuwa imeachwa wazi na neno la siri dhaifu.

Kadiri taarifa zinavyonakiliwa katika ofisi nyingi, ndivyo milango ya kulinda inavyoongezeka. Nakala iliyosahaulika ni mlango ambao hakuna anayekumbuka kuufunga.

Hatari ya nne: jamii ndogo, ambamo jina halihitajiki

Hatari hii inatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Ofisi hufuta majina kabla ya kutoa takwimu, na mara nyingi hiyo hutosha. Lakini fikiria sentensi hii: "Mama msemaji wa Kiswahili, mwenye watoto pacha, aliyefika kutoka Goma, anatibiwa kifua kikuu." Jina halimo. Hata hivyo, akiisoma mtu wa shule, msikiti, kanisa au duka la mtaa ule ule, atamtambua kabla hajafika nukta.

Kwa sababu hiyo, watayarishaji waangalifu wa takwimu hawachapishi hesabu ndogo sana, kwa mfano zilizo chini ya watu 5, na huunganisha mitaa kadhaa kabla ya kutoa jumla. Ukialikwa kwenye utafiti au mkutano wa maoni, una haki ya kuuliza: "Tuko wangapi katika kundi langu, na matokeo yataandikwaje?" Swali hilo ni la busara, wala si utovu wa adabu.

Maswali matano ambayo halmashauri lazima iyajibu

Sheria haiachi jambo hili kwa hisani ya mtu. Kabla taarifa hazijatoka, wahusika wanapaswa kuwa na majibu ya maswali haya:

1. *Kwa lengo gani?* Lengo liwe moja, wazi, na liandikwe. Taarifa zilizochukuliwa kwa ajili ya chanjo hazigeuzwi kiholela kuwa za kutafuta madeni.

2. *Kwa msingi gani wa kisheria?* Hapa wengi hukosea. Mara nyingi halmashauri haitegemei ridhaa yako, bali wajibu wake wa umma kwa mujibu wa sheria. Karatasi unayopewa inaweza kuwa ya kukuarifu tu. Uliza: "Je, naombwa ruhusa, au naarifiwa?" Ukiombwa ruhusa, unaweza kukataa, na unaweza kuiondoa baadaye.

3. *Kiasi gani?* Kinachotakiwa kitolewe, na kisichotakiwa kibaki. Ofisi ya nyumba inaweza kuhitaji kujua kwamba huwezi kupanda ngazi. Haihitaji historia yako yote ya matibabu.

4. *Kwa nani, na kwa njia gani?* Anayepokea ajulikane kwa kazi yake, na njia iwe salama. Ofisi zinazopeana taarifa mara kwa mara zinashauriwa ziwe na makubaliano ya maandishi yanayotaja wajibu wa kila upande.

5. *Hadi lini?* Kila nakala iwe na siku yake ya kufutwa.

Mradi ukiwa na hatari kubwa kwa watu, sheria inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuanza. Kila halmashauri lazima pia iwe na Afisa wa Ulinzi wa Data, ambaye mkazi yeyote anaweza kumwandikia. Katika huduma za afya na ustawi wa jamii yuko pia Mlinzi wa Caldicott, cheo kilichotokana na ripoti ya Dame Fiona Caldicott ya mwaka 1997. Kazi yake ni kusimamia siri za wagonjwa na wanaohudumiwa.

Je, Wizara ya Mambo ya Ndani itapata taarifa zangu?

Swali hili huwafanya watu wakae na kikohozi nyumbani kwa miezi. Jibu lake si moja kwa huduma zote, na ni haki yako kulijua lote.

*Kwa daktari wa familia.* Kujiandikisha hakuhitaji kuonyesha hali yako ya uhamiaji, kitambulisho wala uthibitisho wa anwani. Ni kweli kwamba kuanzia Januari 2017 kulikuwa na makubaliano yaliyoiruhusu Wizara kuomba anwani za watu kutoka kumbukumbu za NHS. Wabunge wa kamati ya afya waliyapinga, Mei 2018 matumizi yake yakabanwa sana, na kabla ya mwaka huo kwisha yakaondolewa. Taarifa bado zinaweza kutolewa katika uchunguzi wa uhalifu mkubwa.

*Kwa hospitali.* Matibabu ya kifua kikuu, VVU na magonjwa mengine ya kuambukiza yaliyoorodheshwa ni bure kwa kila mtu, na vivyo hivyo huduma inayotolewa ndani ya kitengo cha dharura. Huduma ya uzazi inaweza kutozwa gharama kwa baadhi ya wageni, lakini haipaswi kukataliwa wala kucheleweshwa kwa sababu ya pesa. Hata hivyo, deni la hospitali la pauni 500 au zaidi, likikaa miezi miwili bila kulipwa na bila mpango wa kulipa kidogo kidogo, linaweza kuripotiwa kwa Wizara. Ukipata ankara, usiifiche kabatini. Omba mpango wa malipo mapema, na uhoji ikiwa ulistahili kutozwa.

*Kwa ustawi wa jamii wa halmashauri.* Ukiomba makazi au fedha za kujikimu na huna haki ya misaada ya serikali, halmashauri kwa kawaida itathibitisha hali yako na Wizara. Kabla ya kuomba, onana na mwanasheria wa uhamiaji au shirika la ushauri lililoidhinishwa. Usikawie ikiwa kuna mtoto asiye na chakula wala pa kulala: halmashauri ina wajibu kwa watoto wenye shida walio katika eneo lake.

Haki zako

• *Kuona.* Unaweza kuomba nakala ya taarifa zako, kwa maandishi au kwa mdomo, bila malipo. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Ombi likiwa gumu, inaweza kuongeza miezi miwili, lakini lazima ikuambie.

• *Kusahihisha.* Jina lililoandikwa vibaya au tarehe ya kuzaliwa iliyokisiwa inaweza kukuchanganya na mgonjwa mwingine. Kwetu sisi, ambao majina ya baba na babu hugeuzwa kuwa jina la ukoo kila mtu kwa namna yake, kosa hili ni la kawaida. Kagua tahajia yako katika kila ofisi, na iwe moja.

• *Kupinga.* Unaweza kupinga matumizi fulani na kutaka sababu. Ofisi haitakubali kila pingamizi, lakini lazima ikujibu.

• *Kujitoa.* Tangu Mei 2018, mtu anaweza kuzuia taarifa zake za siri za kitabibu zisitumike kwa utafiti na mipango. Kujitoa hakuathiri matibabu yako. Piga simu 0300 303 5678.

• *Kuarifiwa.* Taarifa zikivuja na kuna hatari kwa watu, ofisi lazima imwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu ilipojua. Hatari ikiwa kubwa kwako, lazima uambiwe wewe pia bila kuchelewa.

• *Kulalamika.* Anza na ofisi yenyewe. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Taarifa, inayojulikana hapa kwa herufi ICO, simu 0303 123 1113.

Mkalimani, ndugu na siri

Una haki ya kuomba mkalimani bila malipo. Mkalimani wa kazi hii anafungwa na wajibu wa siri sawasawa na daktari. Ikiwa jamii yenu ni ndogo na unahofia kwamba mkalimani atakuwa mtu mnayeonana harusini, sema hivyo bila haya, na uombe mkalimani wa simu kutoka mji mwingine, au wa jinsia unayoipenda. Si kumtukana mtu, ni kujihifadhi.

Usimtumie mtoto kuwa mkalimani wako. Maneno mengine ni mazito kwa mabega yake, naye anaweza kuyapunguza ili asikuumize. Pia elewa kwamba mume hana haki ya kuambiwa habari za matibabu ya mkewe, wala mke za mumewe, wala mama mkwe za yeyote, bila mwenyewe kuridhia, maadamu ni mtu mzima mwenye akili timamu.

Ikiwa usalama wako unategemea siri ya anwani

Kwa anayemkimbia mwenzi au ndugu mkatili, bahasha moja iliyotumwa nyumba ya zamani inaweza kuwa hatari ya maisha. Mwambie daktari, shule na halmashauri, kila mmoja kwa nafasi yake, kwamba anwani yako isifichuliwe. Usidhani kwamba ukimwambia mmoja wamejua wote. Taja namba iliyo salama na saa zilizo salama za kupigiwa. Uliza kama alama ya tahadhari imewekwa kwenye faili lako. Kagua pia nani anaweza kuingia katika programu ya NHS kwenye simu yako, kisha ubadilishe neno la siri.

Mambo ya kufanya wiki hii

1. Hakikisha daktari wako ana anwani na namba ya simu ya sasa. Barua ya matibabu inayofika mlango usio wako ni uvujaji wa taarifa pia.

2. Ukipigiwa simu na mtu anayesema anatoka halmashauri au NHS akakuomba namba ya benki au neno la siri, kata simu. Kisha piga mwenyewe namba iliyo kwenye barua rasmi.

3. Kabla ya kusaini fomu, uliza maswali matatu: Kwa lengo gani? Nani ataona? Itakaa hadi lini?

4. Andika jina la afisa uliyezungumza naye, na tarehe.

5. Ikiwa hofu ya taarifa ndiyo inayokuzuia kumpeleka mtoto chanjo au kupimwa kikohozi kinachokusumbua kwa zaidi ya wiki tatu, mweleze daktari au muuguzi hofu hiyo hiyo. Uliza kitakachoandikwa na kitakakopelekwa, ndipo uamue.

Ukihitaji kijitabu hiki kwa herufi kubwa, kwa sauti au kwa lugha nyingine, wasiliana na idara ya afya ya jamii ya halmashauri yako. Ukipiga simu, taja jina la lugha yako, Swahili, na usubiri: mkalimani ataunganishwa. Kauliza si ujinga, na ofisi inayoulizwa mara kwa mara hujifunza kutunza vizuri zaidi amana iliyokabidhiwa.